Mfuko wa Kalamu Usio Wake

Kila siku baada ya kutoka shule, Chiriku alivua sare, akaosha vyombo vya mchana na kujaza ndoo za jikoni. Kisha alitandika gazeti kuukuu karibu na mlango, mahali penye mwanga, akatoa bati lake la biskuti. Ndani ya bati hilo hamkuwa na biskuti hata moja. Mlikuwa na vipande vya ngozi, sindano butu, donge la nta, uzi wa katani na msharasi, kile chuma chenye ncha kali cha kutobolea matundu.

Alikuwa na jina jingine shuleni, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa akiongea tangu anapoamka hadi anapolala, kama ndege wa jina lake. Aliongea akila, aliongea akioga, na aliongea na ngozi yake akiishona. "Wewe kaa vizuri. Usinipinde hapa," aliiambia ngozi.

"Huyu mtoto akinyamaza," mama yake alizoea kuwaambia wateja waliomletea sare za kushona, "jueni amelala au ameiba sukari."

Wiki ile Chiriku alikuwa akimalizia mfuko wa kalamu. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia, nene kidogo, na aliikata kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu. Alikuwa akijifunza mshono wa sindano mbili: uzi mmoja wenye sindano kila upande, na sindano zote mbili hupita katika tundu moja, moja ikienda na nyingine ikija. Mshono huo ukishonwa sawasawa haufumuki hata uzi ukikatika mahali pamoja. Ila unataka subira, na subira ndiyo kitu ambacho Chiriku hakuwa nacho. Alipofika kwenye kona, msharasi uliteleza. Matundu yakaenda mrama, na mshono ukapinda kama mkia wa mbwa.

Aliutazama. Kufumua kungemchukua jioni nzima.

"Ah, nani ataona?" alijiambia, akakata uzi.

Jumatatu aliupeleka mfuko wake kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa. Humo ndimo wapenzi wa kazi za ngozi walimokutana kila Jumamosi. Hakuna hata mmoja wao aliyeifanya kazi hiyo kwa ajili ya kuuza. Alikuwepo fundi bomba, ambaye mchana alizibua mabomba na jioni alitengeneza mikanda. Alikuwepo mwalimu wa hesabu aliyependa kujalidi vitabu vyake kwa ngozi. Walikuwepo wanafunzi kadhaa, miongoni mwao msichana mmoja wa shule nyingine aliyeitwa Kimya, kwa sababu aliweza kukaa asubuhi nzima bila kutamka neno. Na mkuu wao alikuwa mkunga mstaafu, mama wa makamo mwenye kicheko kikubwa, aliyependa kusema kwamba nusu ya mtaa ule iliona mikono yake kabla ya kuona jua.

Mkunga ndiye aliyeanzisha utaratibu wa rafu. Kila aliyemaliza kazi aliiweka kwenye rafu iliyoanzia dirishani na kuishia ukutani, bila jina wala alama. Wenzake waliichukua, wakaipapasa, wakavuta nyuzi, wakainusa hata. Jumamosi walisema waliyoyaona.

"Hatuweki majina," Mkunga alieleza, "kwa sababu mkijua ni ya nani, mtamsema mtu badala ya kuisema kazi."

Chiriku aliuweka mfuko wake mahali pa tatu kutoka dirishani, akauzungusha ile kona mbovu ikaelekea ukutani. Kisha akaenda zake.

Jumamosi ilipofika, chumba kilikuwa kimejaa. Kimya tu ndiye hakuwepo. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye alibaki kumuuguza. Mkunga alivaa miwani yake akaanza kushika kazi moja moja. Alisifu mkanda, akakosoa ala ya kisu, akamtania fundi bomba kwamba pochi yake inavuja. Halafu aliushika mfuko wa kalamu. Aliupeleka kwenye mwanga. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, kona hadi kona.

"Jamani," alisema polepole. "Hebu angalieni hapa. Miaka yote niliyoshona ngozi, mshono uliotulia namna hii nimeuona mara chache. Huu uliokuwa wa tatu kutoka dirishani ni wa nani?"

"Wangu!" alisema Chiriku, tena kwa sauti.

Alikuwa amesema kweli kama alivyoijua. Yeye ndiye aliyeweka mfuko wake mahali pale. Lakini Mkunga alipompa mfuko ule mikononi, Chiriku aliuona vizuri. Nyuzi zilikuwa zimelala sambamba kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kona ilikuwa safi. Kingo zilikuwa zimesuguliwa hadi zikang'aa. Ngozi ilikuwa ile ile, rangi ile ile, kiolezo kile kile, maana Mkunga ndiye aliyewagawia wanafunzi wote. Mkono ndio haukuwa wake.

Aliinua macho akaitazama rafu. Kule mwisho, karibu na ukuta, ulikuwepo mfuko mwingine wa kalamu, na kona yake ilikuwa imepinda kama mkia wa mbwa.

Alifungua mdomo. Wakati huo huo fundi bomba alianza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Mwalimu wa hesabu alimpigapiga begani. "Kumbe mdomo unaongea na mikono inafanya kazi!" alisema, na watu wakacheka. Chiriku akafunga mdomo.

"Na huu?" Mkunga aliuliza, akiinua ule mfuko wa mwisho. "Huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Wa nani?"

Chiriku alitazama sakafu.

"Basi utakuwa wa Kimya. Tutamngoja." Mkunga aliurudisha rafuni. Kisha akatangaza kwamba baada ya majuma mawili kingekuja kikundi cha wapenzi wa ngozi kutoka mji jirani. Kila mtu angeleta kazi moja ya mkono wake na kurudi nyumbani na kazi ya mkono wa mwenzake. "Na watoto wao wanataka kujifunza mshono wa sindano mbili. Chiriku, wewe ndiye utakayewaonyesha. Nenda na mfuko wako nyumbani, uutunze."

Njiani Chiriku hakuongea hata na paka wa jirani.

Tangu siku hiyo aliona macho kila mahali. Alipopita dukani, mwalimu wa hesabu alikuwa akinunua chumvi, akamtazama juu ya miwani na kusema, "Hujambo, fundi mkuu?" Kwa nini alisema "mkuu"? Kwa nini alitabasamu upande mmoja? Fundi bomba alimpita akiwa juu ya baiskeli, akakohoa. Kikohozi gani kile? Chiriku alijiuliza. Kuna kikohozi cha kifua na kuna kikohozi cha kumwambia mtu kwamba nimekuona.

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Baba yake alikuwa fundi saa. Alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia, ambacho alikibana jichoni na kuona hata vumbi lililojificha katikati ya meno ya gurudumu. Jioni moja baada ya chakula alisema, "Nimesikia sifa huko mtaani. Hebu lete huo mfuko na mimi nijionee."

"Upo ndani, Baba. Nitakuonyesha kesho."

"Ndani ni wapi, ng'ambo ya bahari? Nenda ukaulete."

Chiriku akauleta. Baba alibana kioo chake jichoni, akainama chini ya taa. Alifuata mshono tundu kwa tundu, bila haraka. Chiriku alisikia moyo wake ukigonga kuliko saa zote zilizotundikwa ukutani.

"Mh," alisema Baba mwishowe. Aliutoa mfuko machoni, akamtazama binti yake, akautazama mfuko tena. "Kazi nzuri." Akamrudishia, akawasha redio.

"Kazi nzuri" tu? Baba hakusema "umefanya kazi nzuri". Alisema "kazi nzuri". Chiriku alilala akiyapima maneno hayo mawili kama mtu anayepima dhahabu.

"Siku hizi una nini?" mama yake alimwuliza asubuhi, akiwa na pini mdomoni. "Hujalala, na sukari nimeiangalia, ipo. Umemeza ulimi?"

"Sina kitu, Mama."

Jumamosi iliyofuata Kimya alirudi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akauchukua mfuko uliobaki, akaugeuza, akaugeuza tena. Uso wake ulibadilika.

"Huu si wangu," alisema.

Watu waligeuka. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Ndio pekee uliobaki, binti," alisema fundi bomba kwa upole. "Usione haya. Sote tulianza kwa kupinda."

"Sioni haya. Mimi sikushona hivi."

"Labda kwa sababu ya ugonjwa wa mama, ulikuwa na haraka ukasahau," alisema mwalimu wa hesabu.

Kimya alitikisa kichwa. "Sikushona hivi," alirudia. "Kama ndio wangu, basi mtu ameuharibu."

Neno hilo lilianguka chumbani kama sahani. Mtu ameuharibu. Watu wakaanza kutazamana. Nani aliingia humu katikati ya wiki? Nani ana ufunguo? Ndipo wote kwa pamoja wakamkumbuka Mama Funguo.

Mama Funguo alikuwa mhudumu wa maktaba. Alifagia, alipiga deki, alifungua asubuhi na kufunga jioni. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, ambao wakati mwingine walimsubiri chumbani humo mvua ikinyesha. Aliitwa akaja, mikono ikiwa bado na povu la sabuni.

"Mimi nimefuta vumbi tu," alisema. "Nilivitoa, nikafuta rafu, nikavirudisha. Sikufumua kitu cha mtu. Sindano yenyewe siijui."

"Na watoto wako?" fundi bomba aliuliza. Upole wote ulikuwa umemtoka.

"Wanangu hawagusi kitu bila ruhusa."

"Kila mama husema hivyo."

Mkunga aliinua mkono kuwatuliza. "Ngojeni. Chiriku, mfuko wako ulikuwa kwenye rafu hiyo hiyo. Ulete tuulinganishe na huu, tuone kama nao uliguswa."

Mfuko ulikuwa ndani ya mkoba wa Chiriku, chini ya kiti alichokalia. Alihisi kama unapumua huko chini.

"Nimeusahau nyumbani," alisema.

Sasa huo ulikuwa uongo mtupu, hauna hata nguo ya kujifunika. Na kwa sababu aliona kila jicho limemwelekea, na kila jicho lilionekana kujua, Chiriku aliongeza neno jingine ili macho yale yahame. "Lakini Jumanne ya wiki iliyopita nilipokuja kuazima kitabu, nilimwona Mama Funguo akishika vitu vya rafuni. Alivishika vyote."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila mtu alivuta pumzi. Mama Funguo alimtazama, si kwa hasira, ila kama mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki.

"Basi tumesikia," alisema fundi bomba. "Lazima msimamizi wa maktaba aambiwe. Hatuwezi kuacha kazi zetu hapa kwa mtu tusiyemwamini."

Msimamizi aliambiwa. Naye, akiwa mtu asiyependa kelele, aliamua kwamba siku wageni watakapokuja, baada ya shughuli, Mama Funguo atakabidhi funguo zote na atatafutwa mhudumu mwingine.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, Chiriku alitumwa na mwalimu wake kurudisha vitabu maktaba. Alimkuta Mama Funguo ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ndoo kando yake. Chiriku alitaka kugeuza njia, lakini alikwisha kuonekana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Chiriku alikaa mbali kidogo.

"Sikulaumu," alisema Mama Funguo. "Uliniona nikishika vitu, ukasema. Na kweli nilivishika. Lakini wewe si uliniona vizuri? Nilikuwa na sindano? Nilikuwa na uzi?"

"Hapana, Mama."

"Ulinionaje?"

"Ulikuwa na kitambaa. Ulikuwa unafuta."

"Basi kesho uwaambie hivyo. Mimi nikisema hawanisikii. Wewe wanakupenda, tena Mungu amekupa mdomo. Nisemee, mwanangu."

Aliinuka, akachukua ndoo yake na kuingia ndani. Chiriku alibaki pale ngazini, vitabu mapajani. Tangu mambo haya yaanze alikuwa akichunguza nyuso za watu, akitafuta nani anamshuku. Kumbe wakati wote huo watu walikuwa wakimshuku mwingine, na yeye ndiye aliyewaonyesha pa kutazama.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda sokoni, kwenye kibanda cha baba yake. Baba alikuwa ameinamia saa ya mteja, kioo jichoni.

"Baba, siku ile ulipoutazama mfuko, uliona nini?"

Baba hakuinua kichwa. "Niliona mshono wa mtu mwenye subira."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Mimi nimekulea. Nakufahamu kuliko ninavyozifahamu saa hizi." Alikitoa kioo jichoni, akakiweka mezani. "Mshono niliuona siku hiyo hiyo. Tangu hapo namsubiri binti yangu aje aniambie mwenyewe. Nikaona anachelewa, nikaanza kuogopa."

Chiriku alilia, na huku akilia akamweleza yote: kona iliyopinda, makofi, mkoba chini ya kiti, maneno aliyosema juu ya Mama Funguo. Maneno yalimtoka kwa fujo kama maji ya bomba lililopasuka. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Labda na mimi nilikosea kukaa kimya," alisema. "Kama ningekuuliza jioni ile, huyu mama wa watu asingefika hapa. Kesho tutakwenda wote. Lakini kusema, utasema wewe."

Chiriku alikusudia kumwona Mkunga mapema, faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Lakini walipofika, wageni walikuwa wamekwisha kuja. Viti vilikuwa vimejaa. Juu ya meza ndefu zilipangwa kazi za vikundi vyote viwili: mikanda, pochi, kofia, majalada ya vitabu, hata kiti kidogo cha mtoto chenye kikalio cha ngozi. Watu walishikashika, waliulizana ulipakaje rangi hii, ulipata wapi ngozi laini namna ile. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na mlango. Mama Funguo alikuwa nyuma yake, na shada la funguo lilikuwa mkononi, tayari. Kimya aliketi kwenye kona, ule mfuko uliopinda ukiwa mapajani pake. Hakuwa ameuweka mezani.

"Na huyu hapa," Mkunga aliwaambia wageni kwa fahari, "ndiye mtoto wetu wa sindano mbili. Njoo, Chiriku. Waonyeshe wenzako mfuko wako."

Chiriku alisimama mbele. Alitafuta uso wa baba yake nyuma ya chumba, akauona.

"Mfuko huu si wangu," alisema.

Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani.

"Si wangu. Kimya ndiye aliyeushona. Wangu ni ule aliouweka mapajani, wenye kona iliyopinda. Hakuna aliyeuharibu. Mimi ndiye niliyeushona hivyo." Alimtazama Mama Funguo. "Mifuko ilibadilishana nafasi rafu ilipofutwa vumbi, basi. Mkunga aliponiuliza, nilisema ni wangu kabla ya kuutazama. Nilipoutazama nilijua. Mlikuwa mnapiga makofi, nikanyamaza. Halafu nikadanganya kwamba nimeusahau nyumbani, na ulikuwa chini ya kiti changu. Na Mama Funguo nilimwona akifuta rafu kwa kitambaa. Kitambaa sikukitaja. Niliwaacha mfikirie mnavyotaka."

Msimamizi aliangalia viatu vyake. Fundi bomba alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

Chiriku alitembea hadi kwenye kona, akaushika mfuko kwa mikono miwili na kumpa Kimya. "Nisamehe."

Kimya aliupokea, akamrudishia ule uliopinda. Alipitisha kidole juu ya mshono wake, taratibu, hadi kwenye kona.

"Wiki nzima nimekuwa nikiitazama mikono yangu," alisema hatimaye. "Walisema nimesahau. Nikaanza kuamini. Jana nilimwambia mama kwamba sitashona tena."

Hakusema kwamba amemsamehe. Chiriku alingoja neno hilo, lakini halikuja, naye akaelewa kwamba hana haki ya kulidai.

Mkunga alivua miwani yake. "Kimya, mwanangu, utaweza kuwaonyesha wageni?"

Kimya alisita. Kisha akainuka, akakaa kwenye kiti cha mbele, akabana vipande vya ngozi katikati ya magoti na kuanza. Sindano moja ikaenda, nyingine ikaja. Hakueleza chochote, mikono yake ilieleza. Watoto wa wageni walisogea hadi vichwa vyao vikagusana.

Huku nyuma, fundi bomba alimwendea Mama Funguo. "Dada yangu, nilikukosea. Nilikukosea wewe na watoto wako."

"Siku ile niliwaambia nimefuta vumbi, nikavirudisha," alisema Mama Funguo. "Kwangu mimi ngozi ni ngozi. Ningejuaje kwamba wa tatu una mwenyewe na wa mwisho una mwenyewe? Lakini mlisikia neno kushika, neno kufuta hamkulisikia."

"Kweli," alisema msimamizi, akikohoa. "Hizo funguo... baki nazo. Na Jumatatu nitawaambia wafanyakazi wote kwamba kosa lilikuwa letu."

"Wote," alisema Mama Funguo. "Hata yule wa mapokezi."

"Hata yule wa mapokezi."

Wakati wa kubadilishana ulipofika, mwanamke mmoja wa kikundi cha wageni alimpa Kimya jalada zuri la daftari, akaondoka na mfuko wa kalamu, akiushika kama yai. Mfuko wa Chiriku haukuchukuliwa na mtu. Yeye mwenyewe hakuuweka mezani.

Wageni walipoondoka, watu walibaki kupanga viti. Mkunga aliwaita wote, wakubwa kwa wadogo, wakaketi.

"Mimi nimezalisha miaka mingi," alisema, "na methali niliyoipenda kazini ni mficha uchi hazai. Anayeficha maumivu yake hawezi kusaidiwa. Chiriku, kona kupinda si kosa. Ungesema tangu siku ile kwamba kona imekushinda, tungekuonyesha namna ya kushika msharasi, na tungekuwa tumemaliza. Ulichukua sifa za mwenzio kwa kunyamaza, na kunyamaza kwako kulikuwa uongo sawa na maneno. Na angalia ulivyokwenda. Ukweli ukiufungia ndani, shaka hutoka nje kutafuta mtu wa kumshika. Mara nyingi humshika asiye na wa kumtetea." Aliwageukia wakubwa. "Na sisi tuliomhukumu mtu kwa sababu ana ndoo mkononi, tusijifanye hatukusikia somo hili. Kushuku ni rahisi. Kuuliza na kusikiliza jibu, hiyo ndiyo kazi."

Mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa kukubali, akafuta miwani yake ambayo haikuwa na ukungu.

Kwa majuma kadhaa Chiriku alifika mapema kila Jumamosi, akamsaidia Mama Funguo kufuta rafu. Hakuagizwa na mtu. Mwanzoni walifanya kazi bila maongezi mengi. Baadaye Mama Funguo ndiye aliyeanza kumchokoza aongee. Nyumbani alifumua mfuko wake wote, akatupa uzi wa zamani, akaanza upya. Alipofika kwenye kona ilimshinda tena.

Safari hii aliupeleka hivyo hivyo ulivyo, haujamalizika, sindano zikining'inia. Hakwenda kwenye rafu. Alikwenda moja kwa moja hadi alipokaa Kimya.

"Imenishinda," alisema. "Hapa kwenye kona. Sijui nakosea wapi."

Kimya aliuchukua, akautazama kwa muda. Kisha alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Unavuta kabla sindano ya pili haijapita," alisema. "Kaa. Tundu hili nashona mimi, linalofuata unashona wewe."